Kidonge cha Mkono wa Baba

Kama sasa hivi umekaa hospitalini, na pembeni yako amekaa mzazi ambaye mkono wake hautulii, na mkobani mwako mna karatasi ya daktari uliyokwisha kuisoma mara nne, sogea kidogo tukae wote. Sina elimu ya dawa. Nina baba tu, na kosa moja nililomfanyia kwa mapenzi, na ningependa wewe usilifanye, au ukilifanya ujue mapema unafanya nini.

Baba yangu, Mzee Athumani, alikuwa muuza kahawa wa kutembeza. Waliokaa mtaa wa Mabawa miaka ile ya foleni watamkumbuka: dele, lile birika la shaba, mkono wa kushoto, jiko la makaa likining'inia chini yake, na mkono wa kulia vikombe viwili vya udongo akivigonganisha njiani. Hakuita wateja kwa mdomo, vikombe ndivyo vilivyoita. Sukari ilipoadimika aliacha kuuza kashata, lakini kahawa yake na tangawizi haikukatika hata siku moja, na watu waliokosa sabuni, khanga na mafuta ya taa walikuwa angalau na uhakika wa kitu kimoja chungu kila baada ya Alasiri.

Msimu mmoja wa machungwa, magari ya Muheza yakiwa yanamwaga mizigo sokoni, mlio wa vikombe vyake ulibadilika. Kati ya pigo na pigo vikaingia vipigo vidogo vidogo, vyepesi, kama mvua inayoanza kwenye bati. Wateja walidhani amebuni mdundo mpya. Wakamsifu.

Kisha kikaja kidole. Baba akikaa tu, kidole gumba cha mkono wa kulia kilipita juu ya vidole vingine, kikaenda na kurudi, taratibu, kama cha mtu anayehesabu uradi kwa pingili. Nasi hivyo ndivyo tulivyoona. Tukasema Baba ameshika dhikri. Mama alifurahi kupita kiasi. Tukiingia sebuleni kwa kelele alituwekea kidole mdomoni: "Sss! Baba yenu yumo kwenye uradi." Imamu alimtaja kwa wema mbele ya watu. Jirani mmoja alimleta mwanawe aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani, aombewe dua. Kwa miezi mitatu tuliuheshimu ugonjwa, tukiupita kwa kunyata.

Baadaye nilimuuliza Baba kwa nini alitunyamazia.

"Mlifurahi mno," akasema. "Nikaona basi, nikianza kusoma kweli, hautakuwa uongo."

Na kweli alikuwa ameanza. Kidole kilitangulia, subhana-llah ikafuata.

Aliyeuvunja utakatifu huo ni Ami Mbwana, binamu yake wa Tongoni. Binamu kwetu ni mtani, ana ruhusa ya kusema ambalo mwingine akilisema ni ugomvi. Alikuja na mzigo wa muhogo, akakaa mkekani, wakaanza kumsengenya jamaa yao mmoja aliyeoa mke wa tatu. Katikati ya maneno Ami Mbwana akanyamaza, akautazama mkono.

"Athumani, unasoma nini?"

"Nasoma."

"Unasoma huku unasengenya? Mdomo uko kwenye nyumba ya watu, mkono uko peponi. Hao malaika wako wawili leo watagombana, weye!"

Mama akaja juu. "Mbwana, huogopi?"

"Naogopa, shemeji, ndiyo maana nasema. Huo si uradi. Mkono huu mgonjwa. Mpelekeni hospitali kabla hamjaanza kumchomea ubani."

Baba aliukalia mkono wake, kama mtoto anayeficha kitu.

Tulikwenda hospitali wakati wa vuli, na tulikwenda mara tatu kabla ya kumwona daktari. Miaka ile mgonjwa alikwenda na daftari lake la kuandikiwa, maana karatasi zilikuwa adimu kuliko wagonjwa. Baba alibeba daftari langu la shule lililobaki kurasa nyuma, na mbele yake mlikuwa na insha yangu ya darasa la saba. Akaisoma yote katika foleni. "Hapa ulidanganya," akaniambia, "hatukuwahi kuwa na ng'ombe." Mama mmoja mtu wa Pangani aliyekuwa ameketi karibu nasi alicheka mpaka akatumenyea chungwa lake la pekee, akatugawia vipande. Mpaka leo nikiambiwa neno rehema huliona chungwa lile.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alimtembeza Baba chumbani kwenda na kurudi, akamfungisha na kumfungulisha vidole, akamwambia amimine maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Baba akamimina. Mkono ukatulia tuli, tone halikudondoka.

"Umeona, daktari?" Baba akasema. "Ukipewa kazi hautetemeki. Hutetemeka ukikosa kazi. Ni mkono usiopenda uvivu tu."

Daktari alicheka, lakini hakuacha kuandika. Alitueleza kwamba anashuku ugonjwa wa Parkinson, kwamba hakuna kipimo cha kuuthibitisha siku ile, na kwamba muda ndio utakaosema. Kuna vidonge, akasema. Haviponyi. Vinatuliza mtetemo, na kwa mtu wa umri wake vina madhara yake. "Tunaweza kuanza sasa. Tunaweza pia kusubiri tukimwangalia, kwa kuwa kazi yake bado anaifanya. Mnasemaje?"

Hapa ndipo penye kosa langu, na nataka ulielewe vizuri.

Nilikuwa nimeposwa. Rashidi, mwalimu mwenzangu katika shule ya Nguvumali, alikuwa mtu wa Pemba, na wazee wake wangevuka kutoka Wete kwa ajili ya nikahi baada ya Ramadhani. Katika nikahi, walii wa bibi harusi na bwana harusi hushikana mikono ya kulia mbele ya watu wote, na katika mshikano huo ndimo husemwa maneno yanayomtoa binti. Wiki nzima nilikuwa nimeuona mshikano huo kila nikifumba macho. Niliuona mkono wa Baba ukiruka ndani ya mkono wa Rashidi, na wazee wa Wete wakitazamana. Watasema hatoi kwa radhi. Watasema kalogwa. Watasema ugonjwa upo katika damu, na mimi ni damu.

"Aanze leo, daktari," nikasema.

Baba alikuwa hajafungua mdomo. Alinitazama, akamgeukia daktari.

"Kidonge hicho kitaniponya?"

"Hapana, mzee. Kitatuliza."

"Kitamtuliza nani?"

Daktari aliinama akaandika. Mimi nilikunja daftari.

Dawa yenyewe haikuwepo dukani wala hospitalini. Kaka yangu Salimu, fundi magari, aliwaagiza madereva wa Mombasa, na baada ya wiki tatu vidonge vikaja ndani ya boksi la sabuni. Vilikuwa vidogo, vyeupe, na vilinukia ua la waridi. Baba alimeza cha kwanza akasema angalau tumbo litakuwa safi.

Mkono ulitulia. Nisiseme uongo: kufika kaskazi, joto likiwa limekaza, kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya wenzake. Salimu alimshika Baba mkono akaunyanyua kwetu kama bondia aliyeshinda. Nililia kwa furaha. Niliandika barua kwa Rashidi aliyekuwa kwao likizo, kurasa nne, na tatu kati ya hizo zilihusu mkono.

Kisha mdomo wa Baba ukakauka. Alikunywa maji mtungi mzima na bado ulimi ulishikamana na kaakaa. Akasema kahawa haina ladha, akaikaanga zaidi, akaiunguza, wateja wakanywa kwa heshima. Haja ndogo ikawa ya kusubiriwa, asimame chooni mpaka Mama amgongee mlango. Herufi za msahafu zikaanza kukimbizana. Siku moja alipita nyumba yetu na dele lake, akaendelea, akaendelea, mpaka kijana mmoja alimkuta amesimama karibu na reli, makaa yamezimika, akamwuliza, "Shikamoo babu, unakwenda wapi?" Baba akamjibu kwa adabu zote, "Marahaba. Ndilo ninalolifikiria."

Nyumbani tulianza kugombana kwa sauti za chini. Salimu alisema ni uzee, uzee umekuja na njia yake, kidonge hakina kosa. Mama hakunyamaza.

"Mmemtuliza mkono, mkaniibia mume."

"Lakini mkono umetulia, Mama. Unataka nini tena?" Salimu akamwuliza.

"Namtaka Athumani. Yule anayenichokoza. Huyu ananishukuru kwa kila kitu, kama mgeni!"

Ndivyo ilivyokuwa. Adabu ilikuwa imemzidi Baba. Asubuhi moja alikuwa anapangusa mkeka kwa khanga ya Mama, polepole, na nilipomwuliza akasema anawaondoa sisimizi wasikanyagwe. Hapakuwa na sisimizi. Nilichuchumaa nikamsaidia kuwaondoa.

Ijumaa moja mwezi wa Rajabu Ami Mbwana alikuja, akasema tufanye mazoezi ya nikahi, yeye awe bwana harusi. Alijitanda taulo begani, akainamisha macho, akajifanya ana haya.

"Karibu, mkwe," Baba akasema, akitabasamu.

"Ahsante, baba mkwe. Binti yako anajua kupika? Maana mie meno sina."

Tulicheka sote, hata Mama. Wakashikana mikono. Mkono wa Baba ulikuwa mzuri siku ile, umetulia kama mkono wa kwenye picha. Akakohoa kidogo.

"Nimekuozesha binti yangu..."

Akasimama hapo.

"Nimekuozesha binti yangu..."

Aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimeegemea mlango, hatua nne kutoka kwake. Nikamwona akilitafuta jina langu usoni mwangu, kwa utulivu kwanza, kisha kwa hofu, kama mtu anayepapasa ufunguo katika mfuko wa nguo isiyo yake. Midomo ikacheza. "Mwanaisha," akasema. Mwanaisha alikuwa dada yake, aliyefariki kabla sijazaliwa.

Jina langu ni Mwanahawa. Yeye ndiye aliyenipa.

Nilimngoja Ami Mbwana atoe utani, chochote, atuokoe. Alikuwa bado ameushika ule mkono uliotulia, akiusugua kwa kidole chake, na machozi yanamchuruzika.

Jumatatu nilirudi kwa daktari. Safari hii nilimwacha Baba asimulie mwenyewe, na alipokwama nilingoja, hata ilipouma. Daktari alisema alichohofia ndicho hicho. Nikamwuliza kama tuvitupe vidonge vyote siku ileile, akashtuka. Visikatwe ghafla, akasema, na usimkatie mtu dawa yake kwa kichwa chako. Alituandikia ratiba: kupunguza nusu, kisha robo, kwa majuma. Nawe mwenzangu unayesoma, kama umefika hapa na mkono wako umekwenda kwenye kopo la dawa, urudishe. Nenda kwanza ukaulize.

"Lakini mtetemo utarudi, mzee," daktari akamwambia.

"Na urudi. Najuana nao."

Ulirudi katika Shaabani, kama paka aliyefukuzwa na hana haya, na nyuma yake, siku baada ya siku, akarudi Baba. Kwanza alirudi na ladha. Akaonja kahawa yake akatema, akamwuliza Mama nani alimruhusu kuuzia watu masizi. Kisha akarudi na ugomvi. Kumi la kwanza la Ramadhani, tukifuturu, alinyoosha kidole kinachotetemeka akasema, "Hawa, ule uji unaunywa au unaufundisha kusoma?" Niliacha bakuli nikatoka uani. Mama alinikuta nalia, akakaa nami, akalia pia, halafu tukarudi ndani kabla sambusa hazijaisha.

Salimu alikuwa na wazo lake. "Baba anaweza kumweka sheikh awe wakili wake. Inafaa kabisa kisheria. Wengi hufanya hivyo, hakuna aibu."

"Najua inafaa," Baba akasema. "Na sheikh ni mtu mwema. Lakini hakumbeba Hawa mgongoni alipougua surua."

"Watu watautazama mkono, Baba."

"Wana macho, watazame. Mie nitakuwa na kazi."

Akanigeukia. Hakuwa ameniuliza neno lolote juu ya jambo lile tangu siku ya daktari.

"Weye unasemaje? Ni harusi yako."

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kuomba radhi kwa kurasa nne. Nikasema, "Utoe mwenyewe, Baba."

Nikahi ilikuwa Mfunguo Mosi, masika ikiwa inakata, baada ya sala ya Alasiri. Wanaume walijaa barazani chini ya turubai. Mimi nilikuwa chumbani, hina imekolea mpaka kwenye vifundo, nimezungukwa na shangazi zangu na joto lao. Baba aliingia na mashahidi wawili kutaka idhini yangu. Alikuwa na kanzu mpya, na mkono wa kulia ulikuwa unapiga kwenye kanzu ile, tap, tap, tap, hata kitambaa kilicheza. Aliniuliza kama naridhia aniozeshe kwa Rashidi. Nikaitika. Akauleta mkono kichwani pangu, na nikausikia ukitetemeka juu ya nywele zangu, na nikaona ajabu kwamba kitu hiki nilikiogopa.

Akatoka. Manyunyu yakaanza kugonga turubai, nikaogopa sitasikia. Na hapo ndipo jambo moja la wazi kabisa lilinijia, jambo ambalo kwa miezi yote nilikuwa sijaliwaza. Bibi harusi haoni mkono. Amekaa ndani, ukuta uko kati yake na watu. Katika mambo yote ya nikahi yake, yanayomfikia ni maneno tu.

Nje khutba ikaisha. Pakawa kimya. Kimya kikarefuka. Shangazi mmoja akanifinya paja.

"Rashidi bin Sefu," sauti ya Baba ikasema, kavu, ya kahawa, ya kwake. "Nimekuozesha binti yangu Mwanahawa, kwa mahari mliyokubaliana."

Hakusita popote. Jina langu alilitamka polepole kuliko mengine, kama kitu kizito anachokiweka chini mahali pake.

Kisha Rashidi akajibu, na ghafla baraza nzima ikalipuka kwa kicheko. Chumbani tuliangaliana kwa hofu. Salimu ndiye aliyetusimulia baadaye, huku akijifuta macho. Kumbe Rashidi, mtu mzima, mwalimu wa hesabu, alitetemeka kuanzia bega mpaka vidole, hata kofia ikamshuka usoni, na mikono miwili ilivyoshikana ikawa inarukaruka pamoja, usijue upi unaurusha mwenzake. Wazee wa Wete walikuwa wamenyoosha shingo. Ndipo Ami Mbwana akapaza sauti: "Athumani, mwachie kijana! Mkono wako wamwambukiza ndoa!" Mzee mkubwa kuliko wote wa Wete ndiye aliyeanza kucheka.

Hii ni habari ya miaka mitatu iliyopita. Maduka sasa yamejaa, sukari inauzwa kwa kilo bila foleni, na mtaani kwetu kuna duka la dawa lenye vioo. Muda ulisema, kama daktari alivyotuambia: ni ugonjwa uleule aliodhani. Hatua za Baba zimefupika. Dele analibeba Salimu mpaka barazani, Baba huketi hapo na wateja humfuata. Sisi watoto tulikubaliana, na haikuwa rahisi, kwamba hatutamtajia dawa mpaka aitaje mwenyewe. Kuna siku nilimwona anahangaika kuinuka kwenye mkeka, nikaziuma kucha nisiseme. Sijui kama tulipatia. Labda mtu mwingine angefaidika na kuanza mapema. Ninachojua ni kwamba safari ile ya kwanza nilimjibia mtu aliyekuwa na mdomo wake.

Mwezi uliopita alikuja kwangu, amefuatana na Mama, akakaa akapumua.

"Hawa, mama yako ananigeuza kitandani kama chapati. Jana kaniunguza upande mmoja."

"Muongo huyu," Mama akasema. "Mzito kama gunia, na shukrani hana."

"Siwezi kujigeuza tena," Baba akasema, na sasa hakuwa anatania. "Naye amechoka. Nimesikia kuna dawa nyingine siku hizi, si ile ya sabuni. Nipeleke nikaulize."

"Una hakika, Baba?"

"Ile ya kwanza ilikuwa yenu. Hii yangu."

Kesho yake nilimfuata mapema kumpeleka zahanati. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anafunga vifungo vya shati. Nilipiga hatua kumsaidia. Akanitazama mara moja tu, nikarudi nyuma nikasimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Vifungo vilikuwa sita. Alivifunga vyote.